Vitone vya Siku ya Posho

Likasi, tarehe 18 mwezi wa saba 2024

Mutoto wangu Fidélie,

Yambo sana, mama. Uko muzima huko Cape Town? Unakula? Baridi haikuui? Minye niko muzima.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilianguka mu beseni ya samaki wa chumvi, haikufufuka. Basi naandika na mukono, Maman Colette wa cyber anapiga foto, anakutumia. Anasema mwandiko wangu ni kama kuku amepita mu bunga. Nikamujibu: mutoto wangu anasoma mambo ya juu mbinguni, miguu ya kuku itamushinda?

Ile kazi yako naifanya vile ulinifundisha. Kila mangaribi, nikitoka ku soko, nasimama nyuma ya nyumba, nakamata ile bomba ya karatasi, nafunga jicho la kushoto, naangalia na la kuume. Naona ile nyota kubwa, na juu yake zile mbili zinakaa kama majirani. Ile unaita G, haibadilikake. Na ile unaita B, yetu, inapanda na kushuka. Nachora mu kaye, ile daftari, kitone kimoja kwa kila nyota, ukubwa vile jicho limeona. Jana B ilishuka sana, mutoto. Nilichora kama yai la chawa.

Lakini jana hiyo hiyo, kule Kakanda, shimo liliangukia bachimbaji. Glody, rafiki ya kaka yako mukubwa, yaya Chadrack, alibakia ndani. Chadrack alimukamata mukono, akavuta, akavuta hata akasikia bega linaachana. Kiisha udongo ukashuka mara ya pili. Amefika leo asubuhi na damu ya Glody mu kucha. Hakulia. Alipiga kichwa ku ukuta, moja, mbili, tatu, minye nikaweka mukono wangu katikati ya kichwa na ukuta.

Umuombee yaya yako.

Mama yako,
Germaine


Cape Town, tarehe 20 Julai 2024

Mama wangu mpenzi,

Pole sana kwa kifo cha Glody. Mwambie yaya Chadrack ninalia naye. Glody ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka maji siku ile ya mafuriko, sijasahau.

Mama, vitone vyako vimefika vyote. Huku mwezi wa saba ni mvua tupu, kamera yetu ya juu ya paa haijaona nyota siku tisa. Wewe na kiangazi cha Likasi ndio macho yangu. Professeur alitazama kaye yako akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni mama yangu, anauza samaki.

Uliwahi kuniuliza kwa nini B inapanda na kushuka. Kwa kweli B ni nyota mbili. Zimekaribiana mno, jicho linaona moja. Zimevutana hata umbo limeharibika, si duara tena, ni kama mayai. Zinazungukana kwa siku kumi na tatu pungufu kidogo, na moja ikipita mbele ya nyingine mwanga unashuka. Hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa macho. Tunapima mwanga tu, siku kwa siku, kisha ninaiambia ordinateur, kompyuta yangu, ijenge nyota mbili za kubuni, uzito huu, umbali huu, hii mbele, ile nyuma. Zile za kubuni zikitoa mwanga uleule uliouchora wewe, basi tumezijua bila kuziona.

Nimeshajua jambo moja baya. Ya kwanza inamwaga mwili wake juu ya mwenzake. Ya pili imekula hata imekuwa nzito mara nne, na bado haionekani, imejificha ndani ya wingu la kile ilichokula.

Ombi langu, jicho lilelile, bomba ileile, kila siku. Usiku usioona kitu, andika "sikuona". Usibuni.

Jioni ya Jumapili nikupigie vidéo kwa simu ya Maman Colette? Nataka kuona uso wako.

Mwanao,
Fidé


Likasi, tarehe 29 mwezi wa saba

Fidé mama,

Vidéo hapana. Nywele zangu hazijasukwa, na connexion ya hapa ni ya konokono. Halafu nilikuwa napasua kuni, kipande kikaruka, kikanipiga chini ya jicho. Ni kidogo. Maman Colette akikuambia kitu, ujue yeye anaongezaka chumvi kwa kila kitu, hata kwa chai.

Yaya yako anarudi sasa kila siku ya posho, ile weye unaita Jumamosi. Halali mu nyumba, analala mu lutuku, ile pombe kali. Kuko chambre de prière moja, nyumba ya maombi, karibu na barabara ya Kakanda, ya nabii mumoja Urbain, anaendaka kule. Huyo nabii alimuambia: "Kuko mutu wa damu yako. Usiku anaangalia juu. Yeye njo anafunga mashimo juu ya bantu." Chadrack akaniuliza, "Mama, nyuma ya nyumba unafanyaka nini?" Nikasema, "Nafanya kazi ya dada yako, napima nyota." Na nikacheka.

Haikufaa nicheke.

Sasa niambie ukweli, weye mwenye umesoma. Ile B ikishuka, inaweza kuvuta mutu wa hapa chini? Sisemi nitaacha. Minye nilitolewa mu darasa la tatu ili nitwange bunga. Leo professeur mumoja huko mbali anaangalia bitone byangu. Sitaacha. Nauliza tu.

Mama yako,
Germaine


Cape Town, tarehe 3 Agosti

Mama,

Haiwezi. Mwanga wa B unaouona leo uliondoka kule karibu miaka elfu moja iliyopita, kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Haumjui Glody. Glody aliuawa na shimo lisilo na miti ya kushikilia udongo, na mwenye shimo anajulikana. Mwambie yaya hivyo.

Nina furaha kubwa, acha nikuambie. Mfano umekubali! Nyota zangu za kubuni zinashuka siku ileile yako inaposhuka. Sasa ninaweza kukwambia mbele itazimika lini. Nimekuandikia orodha kwenye karatasi ya peke yake, Maman Colette aichapishe, uibandike ndani ya kaye:

KUZIMIKA
12 Agosti
25 Agosti
7 Septemba
20 Septemba

Usiku wa kuamkia tarehe hizo, na siku zenyewe, toka mapema, uchore mara nyingi. Hapo ndipo mémoire yangu, tasnifu ya chuo, itasimama au kuanguka.

Kuni ipasue mtu mwingine. Tafadhali.

Fidé wako


Likasi, tarehe 14 mwezi wa nane

Mutoto wangu,

B ilishuka tarehe 12, kama uliiita na jina lake ikaitika. Nilichora mara tano. Mukono wa kuume unauma kidogo, njo maana bitone bya jana si mviringo. Niliteleza ku soko.

Tarehe 12 hiyo, saa sita za muchana, kamba ilikatika kule Kakanda. Pitshou, yule wa meno ya mbele, alianguka mita makumi mbili na tano. Wanasema kichwa kilifika mbele.

Chadrack alikuja jana mbio mbio, hata siku ya posho haijafika. Aliona kaye. Aliona karatasi yako. Alisoma na kidole, polepole, ile neno la juu na ile tarehe ya kwanza. Kiisha akaangalia minye. Fidé, nilimuzaa huyu mutu, na sikumujua yale macho.

Karatasi amebeba.

Usitume tena tarehe. Bitone nitaendelea.

Germaine


Cape Town, tarehe 16 Agosti

Mama,

Soma barua hii peke yako.

Nimepima vitone vyako vyote kwa rula. B inafuata mfano. Lakini professeur alinifundisha kupima pia ile isiyobadilika, ili kujua kama jicho ni zima. Nikapima G.

G haibadiliki. Ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa. Kwenye kaye yako, Jumapili tarehe 21 Julai, G ni nusu. Ijumaa imerudi. Jumapili tarehe 28 ni nusu tena, na ile nyota kubwa pia ni nusu. Tarehe 4 hivyohivyo. Nilidhani ni moshi wa mapori yanayochomwa. Nikaiambia ordinateur itafute, inajirudia baada ya siku ngapi? Ikajibu: saba.

Mama, hakuna nyota inayojua siku ya posho. Anayejua siku ya posho ni mtu anayerudi nyumbani kutoka Kakanda.

Na tangu tarehe 11 mwezi huu G haijarudi tena. Imebaki robo, kila siku, hata katikati ya wiki. G haina kosa. Ni jicho lako la kuume.

Usiniambie kuni. Yaya anakufanya nini?

Fidélie


Likasi, tarehe 17 mwezi wa nane, asubuhi

Fidé,

Leo ni siku ya posho, lazima nimalize mbele hajafika.

Nilifikiri nikikutumia bitone, utaona nyota. Sikujua utaniona minye.

Simu haikuanguka mu maji. Aliitupa ku ukuta mwezi wa sita, alikuwa amekunywa. Kiisha Glody akafwa. Siku ya posho ya kwanza alinipiga na mukono wazi, akaomba pardon, akalala ku miguu yangu kama mutoto. Ya pili, na mukanda, upande wa chuma. Ya tatu tena mukanda. Ya ine alikamata kichwa changu na mikono mbili, akakipigisha ku pembe la meza, juu nilitaja jina la Glody. Nikasikia kitu kinapasuka ndani, kama nyanya. Toka pale jicho la kuume linaona maji na mwanga tu. Ningeweza kukuchorea na la kushoto, haungejua. Lakini ulisema jicho lilelile, na ulisema nisibuni.

Na tarehe 13, juu ya karatasi yako, alinipinda mukono. Sikuteleza.

Usimuchukie. Yule alivuta rafiki yake hata bega likatoka. Kitu kilibakia naye mu mukono, hajui akitupe wapi, anakitupa kwangu. Minye mama yake, nikikikataa, atakitupa kwa nani?

Usimutaje kwa mutu. Minye, hata Papa wa Roma akiniuliza, nitasema ni kuni.

Mama


Likasi, 18/8

Weye Fidé,

Ni minye Chadrack. Naandika nyuma ya karatasi yako mwenyewe, Colette apige foto, ili ujue niko nayo.

17 ya mwezi wa saba, Glody. Mama aliichora mu kaye ile mangaribi. Minye nilifika kesho yake. Nani alimuambia? 12, Pitshou. Hiyo weye uliiandika siku tisa mbele, na herufi kubwa. KUZIMIKA. Uliona aibu kuandika kufwa?

25 ni nani? Sema. Tupasue mbao za sanduku ya kipimo gani?

Weye unakula baridi huko na wazungu, unapiga hesabu ya bandugu zetu, na mama anakufungulia mulango. Nilimuuliza muzuri. Kiisha nilimuuliza na mupini wa jembe. Anasema tu "nyota, nyota".

Nabii amesema mbele ya 25 lazima atapike ile kitu. Tutakuya siku ya posho na bandugu ba chambre. Asipotapika, tutaitoa na moto.

Usinijibu.

Chadrack


Cape Town, tarehe 19 Agosti

Mama,

Nimepata barua yake. Nisikilize, nakuomba kwa magoti.

Toka kwenye nyumba hiyo leo. Lala kwa Maman Colette, nimeongea naye, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Kisha nendeni wote wawili polisi, useme jina lake. Sema Chadrack. Kuni haiwezi kufungwa, Mama. Kuni itarudi Jumamosi.

Mimi ndiye niliyekusimamisha nyuma ya nyumba uangalie juu. Mimi ndiye niliyeandika neno lile. Nilijua nyota zitafanya nini tarehe 25, sikujua kaka yangu atafanya nini. Nimeifunga ordinateur. Nitamwambia professeur naacha.

Toka leo.

Fidé


Likasi, tarehe 22 mwezi wa nane

Mutoto wangu,

Usifunge kitu. Hasira ya nyumba hii usiipeleke ku masomo.

Sitatoka. Sikiliza na weye. Nikikimbia, avenue nzima itasema, muone, mulozi njo anakimbia. Nikimutaja polisi, watamuweka mu kachot, selo ya polisi, na bantu ba ndani watamuvunja kabla ya juge wa mahakama kuamka. Nimeona mutoto wa Maman Hélène vile alitoka: alitoka na miguu mbele.

Nitafungua mulango mwenyewe. Nitaweka biti bya kukaa, nitaweka chai. Nabii wake akitaka kuomba, tuombe. Minye ni mukatoliki, sala haiogopeshi minye. Mbele ya bantu wengi atasikia haya, hatanipiga.

Bukari, ugali wetu, iko ku moto, naacha hapa.

Mama yako,
Germaine


Likasi, 25/8, saa kumi na mbili jioni

Fidé, ni minye Colette. Mama yako anapumua. Soma hiyo kwanza, kiisha ingine.

Walikuja jana saa mbili za usiku, bantu makumi na tano, na yule nabii na kanzu nyeupe. Mama yako alikuwa ameweka biti kweli, na bikombe. Walipindua chai. Walimunywesha mafuta na chumvi ili atapike, akatapika damu. Nabii akasema, "Hiyo bado si yenyewe." Chadrack njo alimutoa nje, anamuvuta na nywele. Wakamuvisha mupira wa gari ku shingo. Mumoja alikuwa na petrole mu bidon, petrole ilishamwangika ku kitambaa cha mama yako.

Nilikamata sufuria na mwiko, nikapiga. Maman Blandine, jirani, akapiga yake. Avenue nzima ikatoka na masufuria, vile tunafanyaka mwizi akiingia. Nabii alikimbia wa kwanza, alipandisha kanzu juu kama mwanamuke anavuka maji. Chadrack alibakia na kiberiti mu mukono. Aliwasha kimoja. Mama yako akasema, polepole, "Chadrack, utaungua vidole." Kikafika ku vidole, akakitupa, akakimbia.

Mbavu tatu. Jicho la kuume daktari amelitoa. Inspecteur wa polisi alikuja ku kitanda, akauliza, nani? Akajibu: "Kuni."

Ongea naye weye. Minye nimeshindwa.

Colette


Likasi, hôpital, tarehe 2 mwezi wa tisa

Fidé mama,

Naandika na jicho moja, muuguzi atapiga foto akutumie, mistari inapanda mulima, uvumilie.

Kwanza mémoire yako. Usiache. Minye sikutoa jicho ili weye ufunge ordinateur. Mwambie professeur kwamba toka tarehe 11 jicho lilikuwa gonjwa, akate yale, abakishe yale mazima. Bitone bya mbele ni bya kweli, nilibichora na jicho zima.

Sasa nikuambie ya siku ya posho, juzi.

Nilikuwa nalala hapa, nasema mu roho: nimemuokoa. Amekimbia, ameona haya, itaisha. Muuguzi aliniletea uji. Mangaribi mulango ukafunguka, wakaingiza mwanamuke mwingine ku kitanda cha karibu. Kichwa kimefungwa. Mukono wa kuume umelegea, mfupa unaonekana mahali haufai kuonekana. Sikumujua. Akasema, "Germaine, sogeza kikombe chako, kisianguke."

Alikuwa Maman Colette.

Chadrack alimungojea ku mulango wa cyber na ile chuma ya kuchimbia. Alimuambia: "Weye njo unabeba barua za kifo." Akamupiga ku mukono ule wenye kushika simu. Akapiga tena ukiwa chini. Akapiga kichwa mara moja, chuma ikateleza, Mungu aliiteleza. Kiisha akavunja machine zote za cyber, moja moja, bantu wanaangalia. Na akasema kuko bado tarehe mbili.

Usiku wote nilisikia Colette anasaga meno. Sikuomba. Nilikuwa napiga hesabu. Kama ningesema ile jina tarehe 25, polisi wangemukamata tarehe 26. Huu mukono ungekuwa muzima. Wengi walinipa pole juu ya jicho, lakini ule mukono wa Colette hakuna mutu wa kunipa pole, juu minye njo niliuvunja. Niliuvunja na neno moja.

Jana, siku ya yenga, njo Jumapili, inspecteur akarudi. Mutu munene, anatoka jasho, anabeba kaye ndogo kama ile yetu. Hakunitazama. Alikwenda ku kitanda cha Colette. Akamuuliza:

"Mama, nani alikupiga?"

Colette aliniangalia. Alikuwa na midomo imepasuka. Akasema:

"Kuni."

Inspecteur akapiga kaye yake ku goti. "Bamama ba huu mji! Kuni! Kuni njo ilivunja machine sita? Kuni njo inavaa bottes?" Bagonjwa ba kitanda cha tatu wakacheka. Colette hakucheka. Alinitazama tu, na lile jicho lake moja lililokuwa nje ya bandage. Alikuwa ananingojea, Fidé. Mukono umevunjika hivi, na bado ananingojea, juu ni mutoto wangu, si mutoto wake.

Nikasema, "Monsieur inspecteur, kuja huku."

Akakuja. Nikamuambia aandike. Nikasema Glody, nikasema Pitshou, ili ajue ilianzia wapi. Nikasema jina la nabii na mahali pa chambre. Nikasema meza, mukanda, mupini, mupira. Aliandika, jasho linaanguka ku kaye. Akauliza, "Na aliyefanya yote hii, anaitwa nani?"

Usiku wa jana walimukamata Kakanda, ku kituo cha magari, anaenda. Wanasema hakupigana. Leo nimeomba muuguzi apelekee kachot sahani ya bukari na shati. Sijui kama wamemupa. Nikiamka nitakwenda mwenyewe, na nitakaa inje hadi wanionyeshe miguu yake inatembea.

Lakini nilimutaja. Siku ya ubatizo wake, padri aliniuliza, "Huyu mutoto anaitwa nani?" Nilikuwa na miaka makumi na saba, niliona haya, nikajibu chini-chini, akanirudisha mara tatu hata kanisa lote likasikia. Jana inspecteur aliniuliza mara moja.

Mama yako,
Germaine